Wakili wa Vuga aliyetupa mwanga kwa kesi ya India

Binti wa dada yangu ameolewa Gujarat, India. Mume na mavyaa wanamshikilia alete pesa kutoka kwao, na matusi hayeshi. Tukaenda kwa wakili mmoja hapa Vuga, ushauri shilingi elfu thelathini, na nimeridhika naye mno.

Hakutupa matumaini ya uongo. Ukatili wa mume na jamaa zake, uliokuwa kifungu cha 498A cha kanuni ya adhabu ya India tangu 1983, sasa umo katika vifungu vya 85 na 86 vya sheria mpya ya makosa ya jinai ya huko, Bharatiya Nyaya Sanhita, iliyoanza Julai 1, 2024. Kifungo hadi miaka 3 na faini. Kumsumbua mke kwa kudai mali nako ni ukatili, hata asipopigwa kofi. Lakini "wananitesa" peke yake haimfungi mtu. Mahakama inataka siku, maneno yaliyosemwa, nani alisikia, na kila mshitakiwa alifanya nini hasa. Wifi akitajwa kijumla tu, mashitaka dhidi yake hayasimami.

Akachukua simu ya dada, akasikiliza ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwengine, huku akiandika tarehe pembeni. "Humu msifute kitu, mama," akasema. Nakala za simu mahakama za huko huzitakia hati ya uthibitisho. Karatasi za hospitali nazo zikusanywe.

Kasoro ni chumba cha kungojea: finyu, na siri za watu zinasikika. Limeniuma hilo, maana mwanamke aliyeumizwa hawezi kufunguka pale. Kesi yenyewe itaendeshwa na wakili wa huko. Orodha ya tarehe tumeshamtumia mtoto.