Mvinyo wa Dodoma kwenye kibaraza cha Mbweni

Chupa tano za mvinyo wa Dodoma, mbili za mweupe wenye utamu kiasi na tatu za mwekundu mkavu, zilifunguliwa nyumbani kwangu Mbweni katika Jumamosi mbili zilizofuatana za mwezi wa Februari, na haya ninayoandika yametokana na chupa hizo pamoja na maoni ya wageni tisa walioonja. Nawalenga wenzangu wa Unguja wanaopenda kuwaalika marafiki jioni bila ya kugharimika kwa mvinyo wa Afrika Kusini, ambao dukani ninakonunua ulikuwa shilingi 45,000 kwa chupa ya kawaida, wakati huu wa Dodoma niliupata kwa shilingi 22,000.

Wapo wanaoamini kwamba mzabibu hauwezi kuzaa vyema mahali pasipo na majira ya baridi kali, ilhali wamisionari waliupanda Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, tangu miaka ya 1950, na hadi leo wakulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa mkulima mwenyewe ndiye anayeupumzisha mti kwa kuupogoa. Mwekundu niliounywa umetokana na zabibu iitwayo Makutupora, jina la kijiji kilichoko kaskazini ya mji huo. Rangi yake haina tofauti na juisi ya choya, harufu yake ni ya zambarau zilizoiva, na una ukakasi unaokaza ulimi kama bibo la korosho, jambo ambalo wageni wawili hawakulipenda hata kidogo na mimi nalipenda. Mweupe ni mwepesi zaidi, unanukia papai na ganda la ndimu, utamu wake unatangulia na kutoweka haraka. Kama ningelazimika kuchagua mmoja kwa ajili ya hali ya hewa yetu, ningechagua huo mweupe.

Kinachoamua hasa ni joto. Ushauri wa kuunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitolewa na watu wa Ulaya kwa vyumba vyao vya zamani, ambavyo havikuzidi sana nyuzi 18. Mimi nilitundika kipimajoto ukutani saa moja ya usiku, katika kaskazi hii isiyo na upepo, kikaonyesha nyuzi 31. Katika hali hiyo mvinyo mwekundu hupanda puani kama spiriti na ile harufu ya zambarau haionekani tena. Chupa ileile, baada ya kukaa kwenye friji dakika 40, ilikuwa kitu kingine kabisa, na mgeni mmoja aliapa kwamba nimebadilisha chupa. Jumamosi ya pili umeme ulikatika kabla hata ya magharibi, nikamtuma kijana akanunue barafu ile ya kuhifadhia samaki, nikaijaza kwenye ndoo ya kufulia pamoja na maji na konzi mbili za chumvi, nikazizamisha chupa hadi shingoni. Nusu saa ilitosha. Ndoo haikupendeza machoni, lakini gizani nani anaitazama?

Kuhusu chakula, nilikosea siku ya kwanza kwa kuandaa urojo na kumimina mwekundu, kwani ukakasi wa mvinyo huo unapokutana na pilipili kila kimoja humchochea mwenzake, na mdomo ukabaki unawaka bila ya mtu kuonja embe wala bajia. Mweupe ndio ulioufaa urojo, kwa sababu ukali wa embe mbichi na ndimu unakwenda sambamba na ukali wa mvinyo wenyewe, na ule utamu mdogo unaituliza pilipili. Mwekundu ungojee mishikaki ya ng'ombe yenye mafuta mafuta. Pweza wa nazi naye ni mtamu mno peke yake. Nilimjaribu na mvinyo wa aina zote mbili nikaona bora angenyweshewa maji.

Lawama yangu ni juu ya duka moja, ambalo silitaji, ambako nilinunua ile chupa ya tatu ya mwekundu. Ilikuwa imesimamishwa kwenye rafu ya kioo inayopigwa na jua la mchana, kizibo kimekauka hadi kikavunjika vipande viwili, na kilichotoka ndani kilikuwa siki tupu. Muuzaji alikataa kunibadilishia. Nikaitia kwenye kachumbari. Tangu uhaba wa mwanzoni mwa mwaka 2024, vibali vya waingizaji wa pombe vilipokwama na rafu zikabaki tupu, wengi wetu tumejenga tabia ya kuweka akiba, lakini akiba ya chupa zilizosimama kwenye kabati la bati ni hasara tupu. Nunua za kutosha jioni moja, omba zilizowekwa ndani, na ukiona yenye kifuniko cha kusokota ichukue hiyo.

Lipo pia suala la majirani, ambalo kwa Unguja huwezi kulipuuza. Mwezi wa Ramadhani sikaribishi kabisa, na siku nyingine muziki hubaki chini na chupa hazitoki nje ya ua. Jirani yangu, mama mtu mzima, hunipitishia mikate ya ufuta kila nikiwa na wageni, huketi kibarazani na mke wangu kidogo, kisha huaga kabla ya adhana, na chupa haifunguliwi hadi ameingia kwake. Ile Jumamosi ya kwanza alikuta jagi la choya mezani, akalitazama kwa muda.

"Jirani, hii ni choya kweli?"

"Choya, mama. Tena baridi."

Hakuridhika hadi nilipommiminia mwanangu wa miaka sita, akanywa glasi nzima mbele yake na kupangusa mdomo kwa mkono wa shati. Jumamosi iliyofuata nilimwekea ukwaju.