Tahadhari: Kalibu za maganda ya risasi "zilizosafishwa" ambazo kumbe zimepigwa msasa

Ndugu zangu mnaoishi Marekani na mnaojaza risasi zenu wenyewe kwa ajili ya kuwinda, nawaomba mjihadhari na muuzaji anayetangaza mtandaoni kalibu zilizotumika, yaani zile zana za chuma kigumu zinazofungwa kwenye mashine ya mkono ili kulirudisha ganda lililokwisha kufyatuliwa katika umbo lake, akidai kwamba amezisafisha hadi zikawa kama mpya. Nilinunua kwake seti ya kalibu mbili za .308 Winchester, aina ya risasi za bunduki ya kuwindia, mwezi wa Septemba, nikijiandaa kwa msimu wa kulungu wa Minnesota unaoanza mwanzoni mwa Novemba, na nilicholetewa kilikuwa kimekwisha haribiwa.

Kwa nje zilipendeza. Meno ya skrubu hayakuwa na kutu, na ndani kuling'aa kama kioo, jambo lililonifurahisha wakati lilipaswa kunishtua. Nilipolipaka mafuta ganda la kwanza na kulisukuma ndani, wenzo wa mashine ulishuka kwa ulaini mno, ilhali anayeifahamu kazi hii anajua kwamba ganda la bunduki ni lazima lisumbue mkono kidogo, kwa kuwa shaba inabanwa. Nikachukua kalipa, kifaa cha kupimia upana. Karibu na kitako ganda lilikuwa na upana wa inchi 0.4710 kabla ya kuingia, na 0.4705 lilipotoka, ilhali kalibu ya jirani yangu ililibana ganda lile lile hadi 0.4685. Maganda niliyokuwa nimekwisha kuyapitisha yaligoma kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, na bolti, komeo la kuifunga chemba hiyo, haikufunga mpaka nilipoilazimisha.

Nilipomulika ndani kwa tochi niliona mikwaruzo myembamba iliyozunguka kama pete, moja juu ya nyingine, ambayo ndiyo alama ya msasa uliozungushwa kwa drili. Msasa hauondoi uchafu peke yake, bali hula chuma chenyewe, na tundu likishapanuka hakuna namna ya kulirudisha.

Usafi wa kweli ni kazi ya upole. Unaifungua kalibu, unatoa fimbo ya katikati pamoja na pini ya kutolea fataki (kile kiwashio kilichotumika kitakoni mwa ganda), unaosha kwa kiyeyusho cha mafuta na brashi ya nailoni, kisha unaikausha kwa kitambaa cha pamba. Kitundu cha kupumulia, kama kipo, kizibue, kwa sababu kikiziba mafuta yanakosa pa kutokea na hubonyeza bega la ganda, pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni. Ikiwa vumbi la shaba limeganda ukutani na linakwaruza kila ganda, dawa laini ya kung'arishia metali kwenye kitambaa inatosha. Kalibu ya pili katika seti, ya kupachikia kichwa cha risasi kwenye ganda, nayo isisahauliwe, maana nta na uchafu vikijikusanya ndani yake kina cha kichwa hicho hubadilika bila wewe kujua. Kabla ya kuihifadhi ipake mafuta membamba ya kuzuia kutu, na uyafute siku ya kuitumia.

Muuzaji huyu aliniambia pia kwamba kalibu zake ni za kabaidi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida, hivyo hazihitaji mafuta. Ni hatari kumwamini, kwa sababu ruhusa hiyo ni ya maganda ya bastola yaliyonyooka. Ganda la bunduki lenye shingo hupakwa mafuta hata kalibu ikiwa ya kabaidi, la sivyo hukwama ndani na kitako hung'oka ukilivuta.

Alinitaka nimtumie fedha kama zawadi kwa rafiki, na kwa njia hiyo nikapoteza haki ya kudai kurudishiwa. Nilipompelekea picha na vipimo alijibu kwamba mimi ndiye niliyezichakaza, kisha akanifungia mawasiliano. Tangazo lake bado lipo, kwa picha zile zile za nje tu. Anayekusudia kununua kalibu iliyotumika, kwake au kwa mwingine yeyote, na adai kwanza picha ya ndani iliyomulikwa kwa tochi, pamoja na kipimo cha ganda moja kabla na baada ya kupita humo.