Kupitia kanuni za mikutano na sheria ndogo za jiji: huduma hii inamfaa mwananchi kwa kiasi gani?

Mwananchi anayetaka kufuatilia namna halmashauri ya jiji inavyopitia kanuni zake za mikutano na sheria zake ndogo hupata huduma ya viwango viwili. Katika ukumbi wa Baraza la Madiwani hupokelewa vizuri, huonyeshwa pa kukaa na husikia kila linalosemwa. Lakini kazi yenyewe ya kupima kifungu kimoja baada ya kingine huwa imekwisha kufanyika kwenye kamati, na huko yeye haingii. Tathmini hii inaihusu huduma hiyo kama nilivyoitumia katika jiji ninamoishi hapa Tanzania, nikiwa mkazi wa kawaida na mjumbe wa umoja wa wafanyabiashara wadogo wa soko letu. Jiji lenyewe silitaji, kwa kuwa nia yangu ni kuipima huduma na si kuwasema watu.

Kwanza ni vyema msomaji ajue mzigo unapita wapi. Halmashauri za majiji, manispaa na miji zinaendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, iliyotungwa mwaka 1982, na shughuli zake hugawanywa katika kamati za kudumu, zikiwamo ya Fedha na Uongozi, ambayo mwenyekiti wake ni Meya mwenyewe, ya Mipango Miji na Mazingira, na ya Uchumi, Elimu na Afya. Rasimu ya sheria ndogo huandaliwa na wataalamu, hupitiwa na kitengo cha sheria na menejimenti ya Mkurugenzi, hupelekwa kwenye kamati inayohusika, kisha hufika Barazani. Halmashauri inapaswa pia kuwatangazia wakazi kusudio lake na kupokea maoni au pingamizi zao kabla ya kuipeleka rasimu kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ambaye bila idhini yake sheria ndogo haiwi sheria. Kwa maneno mengine, mwananchi ana milango miwili tu: tangazo la kutoa maoni na siti ya wageni Barazani.

Nianze na kanuni za kudumu, yaani hizo za mikutano, maana ndizo zinazoamua nani aseme, lini na kwa muda gani. Mtu anaweza kudhani kuwa ni mambo ya ndani ya madiwani yasiyomhusu muuza mchicha, na mimi siafikiani na dhana hiyo. Kanuni za kudumu ndizo zinazoeleza akidi ya kikao (idadi ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili kikao kiwe halali), muda wa kutoa taarifa ya mkutano, utaratibu wa maswali kwa Meya, nidhamu ya wajumbe, na mazingira ambamo Baraza linaweza kujigeuza kuwa kamati na kuwaomba wageni watoke nje. Zikilegezwa, hata sheria ndogo nzuri itapitishwa vibaya.

Katika mkutano niliohudhuria, mapendekezo ya marekebisho ya kanuni hizo yaliletwa na Kamati ya Fedha na Uongozi yakiwa ndani ya kabrasha nene ambalo kila diwani alikuwa nalo mezani, ilhali sisi wageni hatukuwa na hata ukurasa mmoja. Baada ya dua na kuthibitishwa kwa muhtasari wa kikao kilichopita, wakati ajenda ya yatokanayo, yaani mambo yaliyotokana na muhtasari huo, bado ikiendelea, diwani mmoja alisimama na kusema kwa upole kwamba kabrasha lilimfikia jana yake jioni, na akaomba mwongozo wa Mstahiki Meya kama inawezekana kujadili marekebisho ya kanuni ambazo hajazisoma. Wengine waligonga meza kumuunga mkono. Mstahiki Meya alimwuliza Katibu, ambaye ndiye Mkurugenzi, naye akaeleza kuwa makabrasha yalichelewa kuchapwa. Ajenda haikuahirishwa. Iliamuliwa kwamba mwenyekiti wa kamati asome mapendekezo kwa kifupi, na hapo ndipo nilipoona kasoro ya mfumo mzima: anayetetea mapendekezo ni mwenyekiti wa kamati iliyoyaandaa, na mwenyekiti huyo ndiye Meya anayeongoza mkutano unaoyaamua. Yeye mwenyewe alilitambua hilo, akamwachia Naibu Meya kiti kwa ajenda hiyo, jambo ambalo ninalipongeza kwa sababu hakuna aliyemwomba.

Mjadala uliofuata ulikuwa na uhai kuliko nilivyotarajia. Pendekezo la kufupisha muda wa maswali ya nyongeza lilipingwa na madiwani wa pande zote, hasa wa viti maalumu, waliosema kuwa wao hupata nafasi ya kuzungumza mwishoni na kwa hiyo dakika zikipungua watakaoumia ni wao. Pendekezo hilo lilirudishwa kamatini. Hayo ndiyo matokeo bora niliyoyashuhudia, na yalitokana na mjadala wa wazi mbele ya wananchi na waandishi wa habari. Kamatini sijui hoja hiyo ilipimwaje, kwa kuwa muhtasari wa kamati uliosomwa Barazani ulitaja azimio tu bila sababu zake.

Kwa upande wa sheria ndogo hali ilikuwa tofauti. Rasimu iliyotuhusu ilikuwa ya usafi wa mazingira na ada ya taka, na tangazo la kualika maoni lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, sehemu yake ya chini ikiwa imefunikwa na tangazo la chanjo. Tarehe ya mwisho ya kupeleka maoni ilikuwa kwenye sehemu hiyo iliyofunikwa. Nilipomweleza mtendaji wa kata alilihamisha tangazo bila ubishi, na siku chache baadaye tulialikwa kwenye kikao cha wadau ambako mwanasheria wa halmashauri alitusomea rasimu kifungu kwa kifungu. Kwa kazi hiyo nampa sifa kamili. Alieleza tofauti kati ya ada na faini, alifafanua maana ya Mkurugenzi kufifilisha kosa ili mkosaji alipe bila kufikishwa mahakamani, na hakumkatisha mtu yeyote, wala yule mzee aliyetumia muda mrefu kulalamikia mtaro ambao haukuwamo kwenye rasimu.

Tatizo lilikuwa jedwali la ada. Mama lishe mwenye sufuria mbili na benchi aliwekwa kundi moja na mgahawa wenye viti na friji, na wote walitakiwa kulipa ada sawa kwa mwezi. Tuliandika barua, tukaambatanisha maelezo ya kiasi cha taka ambacho kila kundi huzalisha kwa siku, na tukapendekeza makundi mawili. Rasimu ilipofika Barazani baada ya kupita kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, mama lishe alikuwa na mstari wake na ada ndogo zaidi. Pendekezo letu la pili, kwamba anayefungua biashara katikati ya mwezi asitozwe mwezi mzima, halikuonekana popote, na hakuna barua wala taarifa iliyotueleza kama lilikataliwa, lilisahauliwa au lilikinzana na sheria nyingine. Huduma inayochukua maoni ya mtu na isimrudishie jibu haijakamilika, hata kama nusu ya maoni hayo imekubaliwa.

Barazani kwenyewe, rasimu hiyo yenye kurasa nyingi na majedwali ilipitishwa kwa muda ambao mtu asingemaliza kikombe cha chai. Mwenyekiti wa kamati alitoa hoja, ikaungwa mkono, waliokubali wakaitika ndiyo, basi. Sidai kwamba madiwani hawakuisoma. Huenda kamati ilitumia siku nzima kuichambua. Ila aliyeketi nyuma ya ukumbi hana njia ya kulijua hilo.

Hatua zinazofuata hazimo tena mikononi mwa jiji, na hapa mwananchi hupotea kabisa asipokuwa na mtu wa kumwelekeza. Rasimu huenda kwa Waziri, ikiridhiwa hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo la Serikali, na baadaye Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo inaweza kuichambua na kudai marekebisho, mara nyingi kwa sababu ya makosa ya uandishi, majedwali yasiyooana na vifungu, au masharti yanayokwenda kinyume na sheria mama, yaani ile inayoipa halmashauri mamlaka ya kuitunga. Jambo moja limekuwa bora bila shaka: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini, na mfanyabiashara anaweza kujisomea mwenyewe kifungu anachotozwa nacho.

Nikilinganisha na majirani, Kenya wameliandika suala hili kwenye Katiba yao ya 2010, ambayo ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi, vikao vyake na vya kamati zake vikiwamo, na liwashirikishe wananchi. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilionyesha mwaka 2014 kwamba sharti hilo lina meno, ilipoifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sisemi kwamba kila kaunti hutimiza sharti hilo kwa moyo mweupe. Lakini mkazi wa Nairobi anayetaka kuketi nyuma ya chumba cha kamati ana ibara ya kutaja mlangoni, na mimi sina.

Kwa atakayetaka kuitumia huduma hii, ushauri wangu ni kwamba nguvu zake azielekeze kwenye kipindi cha maoni, kwa maandishi, na nakala aipeleke kwa diwani wake pamoja na mwenyekiti wa kamati inayohusika kabla kamati haijaketi. Akisubiri siku ya Baraza atakuwa mtazamaji tu. Barua igongwe mhuri wa masijala. Aulize pia ratiba ya vikao vya kamati, ambayo ofisi ya Mkurugenzi ilinipa nilipoomba, ingawa haikuwa imebandikwa mahali popote.

Akifika hatua ya kudaiwa ada asiyoielewa, aende kitengo cha sheria na aombe kuonyeshwa sheria ndogo yenyewe pamoja na namba yake ya Tangazo la Serikali. Aangalie pia jina la mamlaka iliyoitunga, hasa kwa walio Dar es Salaam, ambako Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa Februari 2021 na Manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi kuwa Jiji. Mimi nilionyeshwa nakala yetu siku hiyohiyo, nikaruhusiwa kupiga picha kurasa za jedwali. Ya kuondoka nayo nilitakiwa kuilipia, na risiti nilipewa.