Monoreli ya Mumbai: raha ya dirishani, adha ya huduma

Wengi wetu tunaifahamu Mumbai kwa sababu ya matibabu, na mimi pia nilifika huko nikimsindikiza mgonjwa, tukapanga chumba maeneo ya Parel. Siku alipopata nafuu nilijipa ruhusa ya nusu siku, nikapanda monoreli kutoka Jacob Circle hadi Chembur, yaani mwanzo hadi mwisho wa njia, karibu kilomita 20 na vituo 17, kwa nauli ya rupia 40.

Kwa raha ya safari yenyewe sina la kulalamikia. Treni ya mabehewa manne hutembea kwa matairi ya mpira juu ya boriti ya zege, ndani kuna kiyoyozi, na mtu aliyewahi kubanwa mlangoni mwa treni za kawaida za jiji hilo huhisi kama amehamia mji mwingine. Kuna mahali inapita karibu na maghorofa kiasi kwamba niliona sufuria ikifuka mvuke jikoni kwa watu, na sari zimeanikwa kwenye vyuma vya dirisha. Baada ya kituo cha Bhakti Park nyumba zinakatika, inakuja mikoko na matope ya maji kupwa, mandhari ambayo mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa, kisha yanatokeza matangi ya mafuta ya Mahul.

Na hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu abiria wa kila siku hana shughuli kwenye mikoko. Sehemu ya kwanza, kati ya Wadala na Chembur, ilipofunguliwa kwa umma tarehe 2 Februari 2014, watu karibu 20,000 walipanda siku hiyo, lakini udadisi ulipokwisha mabehewa yakabaki na nafasi tele. Sehemu ya pili, ya kufika Jacob Circle, ilisubiriwa hadi Machi 2019, na hata hivyo kituo kinachoitwa Dadar Mashariki hakiko kwenye stesheni kubwa ya Dadar, jambo linalomfanya mgeni ashuke akiwa na mizigo na kuanza kuuliza njia.

Kosa la pili ni la vipuri. Treni zilitengenezwa na kampuni ya Scomi ya Malaysia. Mwezi Novemba 2017 mabehewa mawili yaliungua kituoni Mysore Colony, bahati njema yakiwa hayana abiria, na huduma ikalala hadi Septemba 2018. Mkataba na Scomi na mshirika wake ulivunjwa mwishoni mwa mwaka huo, na tangu hapo mafundi walilazimika kung'oa vifaa katika treni mbovu ili kuzitengeneza nyingine. Treni zikawa chache, muda wa kusubiri ukarefuka, na aliyesubiri sana mwishowe aliita teksi.

Kinaya chake ni kwamba siku watu walipoihitaji kweli ndiyo siku iliyowaangusha. Tarehe 19 Agosti 2025, mvua kubwa ilipositisha treni za kawaida za upande ule, umati ulihamia kwenye monoreli; treni iliyoundwa kubeba tani 104 ikaelemewa na tani 109, umeme ukakatika kati ya Mysore Colony na Bhakti Park, na abiria 582 wakaokolewa kwa ngazi za zimamoto. Tarehe 20 Septemba huduma yote ilisitishwa ili kuleta treni mpya, safari hii zilizoundwa India kwenyewe, na mfumo mpya wa kuongozea.

Kwa anayekwenda kuuguza Parel, ushauri wangu ni treni za kawaida, ila apande katikati ya mchana, baada ya msongamano wa asubuhi na kabla ya ule wa jioni. Monoreli nitaipanda tena kwa ajili ya mikoko ile, lakini siku ya kumpeleka mgonjwa kliniki nitachukua teksi.