Kibosho mpaka Njiro kwa gari za abiria: nawapa maksi zao

Jumamosi nilimpeleka bi mkubwa Njiro, Arusha, kwa dada, tukatoka Kibosho huku Moshi asubuhi na mkungu wake wa ndizi maana yeye kwenda kwa mtoto mikono mitupu hawezi. Nikasema ngoja leo nipime huu usafiri kuanzia mlangoni mpaka mlangoni, sio kile kipande cha Moshi Arusha tu ambacho kila mtu anakisifia.

Na kweli kile kipande kiko poa. Kosta zipo muda wote, ukiingia stendi ya Moshi hujauliza kitu washakushika mkono, kilomita kama 80 lami tupu na kuanzia Tengeru barabara ni njia nne. Nawapa 8.

Shida ni pale unapotoka gari moja kuingia nyingine. Tulipofika Usa River konda akaona tumebaki wachache akaamua kutufaulisha, bi mkubwa akateremka ananung'unika, mkungu ukateremshwa, tukabanana kwenye gari ya nyuma. Ila cheki sasa, konda wetu akampa mwenzie hela dirishani, wakahesabu chap chap na hatukudaiwa tena hata mia. Nikacheka peke yangu, yani nauli moja magari mawili, kile kitu watu wa mipango wanakisemea kwenye semina, makonda wawili wamekimaliza kwenye vumbi kwa nusu dakika!

Arusha mjini sasa ndo balaa. Pale tuliposhushwa, kifodi (daladala) cha Njiro hakipakii hapo, hakuna kibao kinachosema kinapakia wapi, unamuuliza mpiga debe anakuelekeza kwenye gari ya kwake, tukazunguka na mkungu begani tukavuka barabara mara mbili. Kuingia tu, nauli upya na mzigo upya. Bi mkubwa akamwambia konda, "Mwanangu, huu mkungu leo umelipa mara tatu, si ungepewa na siti basi." Gari zima likacheka, na hela akachukua.

Na sio vifodi tu. Treni ya Dar ilirudi Moshi 2019, Arusha 2020, tukashangilia sana, lakini ukishuka na mabegi yako bajaji unajitafutia mwenyewe na bei ni ya macho yako yalivyochoka. KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ndo usiseme, kosta inakuacha njia panda halafu uwanja wenyewe uko kilomita kadhaa ndani, boda wanakuona na begi wanakujia kama mwewe. Dar na kelele zao zote za mabasi ya mwendokasi, tangu 2016 walau kwenye mpango kuna mabasi mlisho ya kukutoa mtaani kukuleta kituoni. Huku kila gari inajijua yenyewe.

Kwahiyo barabara 8, kuunganisha nawapa 2, na hizo 2 ni za yule konda wa Usa.