Banna ufukwe mzuri, ila teksi ya kurudi ndiyo iliyoniua

Nianze na dereva, ufukwe utasubiri. Tulimchukua Tralee mjini, huku Ireland, tukakubaliana atupeleke Banna Strand, kilomita 13 hivi, aje kutuchukua saa kumi na moja jioni. Akataka nauli ya kwenda na kurudi yote kabla hajawasha gari. Shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, Kiingereza hajui lakini madereva anawajua. Akanivuta koti: "Mwanangu, mpeni nusu." Shemeji alikuwa ameshatoa.

Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Mvua ya rasharasha ikaanza, na ule upepo wa Atlantiki usiokuuliza umevaa nini. Nikapiga simu: "Niko njiani." Nikapiga tena, haipokelewi. Baadaye sana akapokea, tena kwa ukali: "Nilikuja, sikuwaona." Hakutuona! Watu weusi watatu, mmoja kajitanda kanga mbili juu ya koti, kwenye maegesho yaliyobaki na magari ya kuhesabu! Nikamwambia basi rudi, hatujahama. Akasema zamu yake imekwisha, akakata. Nikajipa moyo kwamba ni mtandao. Kumbe kazima simu.

Na safari yenyewe ilikuwa ya shemeji. Yeye ni Mkongomani wa Uvira, na Banna kwake si mahali pa kuogelea. Hapo ndipo Roger Casement alipoteremka kutoka nyambizi ya Kijerumani alfajiri ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Aprili 1916, kimashua chao kikapinduliwa na mawimbi. Ni yule yule aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza, ambaye ripoti yake ya 1904 ilianika unyama wa Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, watu kukatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Safari hii alikuwa amekuja kwa ajili ya uasi wa Waairishi dhidi ya Uingereza. Alikuwa mgonjwa, hajiwezi, akabaki kwenye boma la kale karibu na hapo huku wenzake wawili wakitembea kwa miguu hadi Tralee kutafuta msaada. Polisi wakamfikia kwanza. Agosti mwaka huo akanyongwa London. Pana mnara wa kumbukumbu yake nyuma ya vilima vya mchanga. Shemeji alisimama mbele yake kimya, kofia mkononi, hata shangazi akaacha kulalamikia baridi. Wakati ule niliguswa kweli. Sasa kila nikikumbuka naona jambo moja tu: usafiri wa kutoka Tralee haujaanza leo kuchelewa Banna.

Haya, ufukwe. Pazuri, siwezi kusema uongo. Mchanga unakwenda mpaka macho yanachoka, na maji yakikupwa unakuwa mgumu, unatembea bila kuzama. Ng'ambo ya maji unauona mlima Brandon umejifunika mawingu. Walinzi wa waogeleaji walikuwepo, na bendera zao nyekundu na njano, maana mawimbi pale si ya mchezo. Shangazi alichovya vidole, akatamka jina la Mungu, akatoka. Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota tano. Kisha ndiyo hiyo saa kumi na moja. Kusimama juani unasubiri gari kuna nafuu yake. Simama na mvua ya ubavuni, mchanga unakuchapa usoni, mzee wako anatetemeka, uone kama utaikumbuka mandhari.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa pale pale, mbwa wake kalowa chapachapa, ananuka, kakaa nyuma katikati ya shangazi na mimi. Shangazi na mbwa! Bibi alitufikisha mpaka mlangoni, pesa akakataa kabisa. Nilipofika chumbani nikasema basi, nyota tano zirudi, watu wa huku wana utu.

Asubuhi nikawaandikia wenye teksi. Wakajibu "poleni kwa usumbufu", kwamba dereva anasisitiza alifika. Anasisitiza! Nauli ya kurudi hawajairudisha hadi leo, na ni muda sasa. Shemeji ananiambia ufukwe una kosa gani. Hauna. Lakini nyota moja itabaki hapo hapo mpaka hizo pesa zirudi, halafu tutazungumza.