Kamusi ya mfukoni isiyomjua punda vizuri

Nilinunua kamusi hii ya Kiingereza na Kiswahili kwa shilingi 450 katika duka moja la Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wetu wa Lamu, kwa ajili ya mpwa wangu anayejifunza kuongoza watalii. Baada ya kuitumia naye miezi mitatu, nimeamua kuipima kwa neno moja, «donkey», kwa kuwa katika mji huu mawe, mchanga na saruji hupita vichochoroni ndani ya shogi, yaani makapu ya mizigo yaninginiayo mgongoni mwa punda, na neno hilo mtoto wetu hulisoma mapema kwenye kibao cha The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza linalotibu punda hapa tangu mwaka 1987.

Jalada limestahimili unyevu wa pwani, na maandishi husomeka bila miwani, jambo ambalo kwangu si dogo.

Kasoro imo ndani. Maelezo yote ni mstari mmoja: «punda, mtu mjinga». Siku moja gatini, mgeni alimwambia mpwa wangu kwamba hajamwona rafiki yake kwa «donkey's years», naye akarudi nyumbani akiniuliza, "Mjomba, miaka ya punda ni mingapi?" Tulifungua kamusi, tukakuta patupu. Waingereza husema hivyo wakimaanisha miaka mingi mno, na inadhaniwa kwamba usemi huo ulitokana na masikio marefu ya punda, kwa kuwa «ears» na «years» hukaribiana kimatamshi. Halikadhalika «donkey work» ni sulubu ya kuchosha, na «donkey engine» ni injini ndogo ya kuinulia mizigo melini, maana ambayo mabaharia wetu wangeifurahia. Hata hiyo ya ujinga ilihitaji maelezo, maana sisi tukimtaja punda huwaza pia mzigo, au utovu wa shukrani, ndiyo maana tukasema fadhila ya punda ni mateke.

Lililonisikitisha zaidi ni «ass», ambalo nalo limeandikiwa «punda», basi. Hilo ni neno la kale lenye asili ya Kilatini, lililotumika katika Biblia za zamani za Kiingereza, ilhali «donkey» lilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 18. Leo, hasa kwa Wamarekani, «ass» ni neno chafu la makalio, kwa hiyo kijana akilitamka mbele ya mgeni wa kike huku akimwonyesha mnyama wa kupanda, atamvunjia heshima bila kukusudia. Kamusi hii huweka alama ya tahadhari kwenye maneno mengine machafu, hapa haikuweka.

Mwanafunzi wa shule ya msingi atafaidika nayo, lakini mwongozaji wa watalii asiitegemee peke yake. Mpwa wangu ameziandika kwa kalamu, pembeni mwa ukurasa ule, maana tulizozikusanya wenyewe, na wino umepenya hadi upande wa pili.